Mkitaka Kupunguza AC Yangu, Niulizeni na Mnilipe

Kila joto la Texas linapopamba moto, ile sauti ya WhatsApp huanza tena kuzunguka kwenye makundi yetu ya Waafrika Mashariki hapa Houston: ndugu zangu, kampuni za umeme zinaingia majumbani mwenu na kuzima AC mkiwa mmelala, msikubali chochote. Mwaka huu imenikera kuliko miaka mingine. Watu ninaowaheshimu wameisambaza bila kuongeza neno, wazee wetu wameogopa, na lile linalostahili hasira yetu hata halimo ndani yake.

Juni 2021, ERCOT, wanaosimamia gridi (mtandao wa umeme) ya Texas, waliwaomba wananchi wabane matumizi. Ndipo baadhi ya familia za hapa Houston zikaamka zikitoka jasho, zikakuta themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia AC kiwango cha joto, zimepandishwa kutoka mbali ili AC zifanye kazi kidogo. Hakuna aliyevunja mlango. Walikuwa wamejiunga na mpango uitwao Smart Savers Texas, na wapo waliosema hawakujua kabisa kwamba walishakubali. Malipo yao yalikuwa nini? Kuingizwa kwenye bahati nasibu ya kupunguziwa bili. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Lakini kwanza niseme wazi: mpango wenyewe ninaukubali. Jioni ndiyo saa ngumu. Jua linazama, umeme wa sola unashuka, watu wanarudi kutoka kazini na kila nyumba inawasha AC kwa nguvu kwa wakati mmoja. Kampuni ikipandisha themostati za waliojiunga kwa nyuzi chache, kompresa zinapumzika kidogo na gridi inapata nafuu. Ikishindikana, inabaki kukata umeme mtaa kwa mtaa, kwa zamu.

Sisi tuliokulia Dar zamu hizo tunazijua kwa jina lake. Mgao wa 2011 haukumuuliza mtu hali. Ulikata friji ya muuza samaki, ukakata saluni, ukakata feni ya mgonjwa, na mwenye jenereta akaendelea na maisha. Texas nayo ilionja Februari 2021, safari hiyo kwa baridi. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme, jimbo likahesabu vifo 246, na baadaye tukaambiwa gridi nzima ilikuwa imebakiza dakika 4 na sekunde 37 ianguke. Huku familia zikilala na makoti, maghorofa ya katikati ya Houston yalionekana yakiwaka taa. Kwa hiyo nikiambiwa nichague kati ya nyuzi nne sebuleni kwangu na giza la mtaa mzima, natoa hizo nyuzi nne. Anayesema kupunguziwa AC ni sawa na kutekwa, bado hajakesha gizani akimpepea mgonjwa.

Ugomvi wangu ni bei.

Agosti 2023, katikati ya joto lililotuchoma sote, kampuni ya Riot Platforms, inayochimba Bitcoin, ile pesa ya kidijitali, kwa kompyuta zake huko Rockdale, si mbali sana na hapa, ilipata dola milioni 31.7 za punguzo la gharama za umeme kwa sababu ilipunguza matumizi yake gridi ilipobanwa. Mwezi huo huo ilichimba Bitcoin 333, na thamani ya zote haikufikia hata nusu ya fedha hizo. Yaani kuzima kulilipa kuliko kufanya kazi. Sasa nenda Colorado. Mteja wa kampuni ya umeme ya Xcel Energy aliyeiruhusu iguse AC ya nyumbani kwake alipewa dola 100 za kujiunga, na baada ya hapo dola 25 kwa mwaka. Kwa mwaka mzima!

Najua nitakachojibiwa. Riot ilikuwa imeshajinunulia umeme kwa mkataba wa muda mrefu, ikauachia gridi bei ilipopanda, na kila kitu kilikwenda kwa mujibu wa sheria. Sawa, nakubali. Lakini chukua nyumba elfu moja, kila moja ipunguze kilowati moja. Hiyo ni megawati moja, na gridi haiwezi kuitofautisha na megawati iliyoachwa na mashine za Rockdale. Saa ni ile ile na balaa lililoepukwa ni lile lile. Tofauti ni kwamba mashine haina presha, hainyonyeshi, na haijatoka kubeba maboksi ghalani kwa zamu ya saa kumi na mbili mfululizo. Mwenye mwili ndiye anayetoa jasho, halafu yeye ndiye anayeambiwa ashukuru kwa kuingizwa kwenye bahati nasibu. Kinachouzwa hapa kina thamani. Kama hakina, wasingekihitaji kiasi hicho. Basi mwenye nacho aulizwe, atajiwe bei ya kweli, na awe na haki ya kusema leo hapana.

Hilo la kusema hapana lina uzito wake. Jirani yangu ni mama wa Kikongo, amepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku. Ana presha na sukari. Wenye nyumba walibadilisha themostati za jengo zima, wakabandika karatasi ya Kiingereza mlangoni, basi. Jioni moja akaniita: "Mutoto yangu, hii mashini inakatala kunisikia." Nikamkuta amekaa na kanga iliyolowa shingoni, madirisha yamefungwa, akiamini kwamba hajalipa kitu fulani na hii ndiyo adhabu yake. Kwenye kioo palikuwa na ujumbe kwamba matumizi yanapunguzwa kwa muda, na ukitaka kubadilisha, bonyeza mshale. Nilibonyeza, baridi ikaanza kutoka. Haki alikuwa nayo mkononi muda wote ule, imeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Mimi hilo silihesabu kuwa ni haki aliyopewa.

Na huko Colorado, hata mshale uliondolewa. Tarehe 30 Agosti 2022, wateja wapatao 22,000 wa Xcel walikuta themostati zao zimefungwa. Bonyeza utakavyo, haisogei. Wapo waliosema ndani ya nyumba zao palifika hadi nyuzi 88 za Fahrenheit, yaani 31 za Selsiasi. Kampuni ikaeleza kwamba kulitokea hitilafu ya ghafla ya umeme huko Pueblo, na kwamba watu walijiunga kwa hiari yao. Kweli walijiunga kwa hiari. Ila mtu anayeahidi kuvumilia joto mwezi wa Aprili hajui Agosti atakuwa anamuuguza nani. Kaunti ya Maricopa huko Arizona ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka 2023, na wapo waliofia ndani ya nyumba zao. Kwa hesabu kama hiyo, kumfungia mtu AC bila kumwachia namna ya kujiokoa ni jambo ambalo hakuna mkataba unaopaswa kuliruhusu.

Na kufuli hata hailazimu. Jioni ya Septemba 6, 2022, California ilifikia matumizi ya megawati 52,061, rekodi yake, na kukata kwa zamu kulikuwa mlangoni. Serikali ya jimbo ikatuma ujumbe mfupi kwenye simu za watu: punguzeni sasa. Matumizi yakashuka ndani ya dakika chache, na usiku ule zamu ya kukata haikuanza. Watu waliombwa, wakaelewa, wakaitika.

Suala la kampuni kujua uko nyumbani saa ngapi nalo lipo, na ni zito, ila leo siliingii.

Ninachowaomba wenzangu ni hiki. Msiikimbie mipango hii kwa sababu ya sauti ya WhatsApp. Ulizeni kwanza mnalipwa kiasi gani kwa kila mara, kama mnaweza kukataa siku yoyote bila faini, na AC itapandishwa hadi wapi. Mwenye mgonjwa, mtoto mchanga au mzee ndani asisaini chochote chenye kufuli. Na kwenye apatimenti ambako themostati zimebadilishwa kimyakimya, nendeni ofisini kwa wenye jengo, kadhaa kwa pamoja, mdai maelezo kwa Kiswahili; majengo mengine hapa yamejaa sisi watupu, hawawezi kusema hawakujua. Aliyeletewa barua asiyoielewa anitumie picha yake kabla ya kubonyeza popote. Nitaisoma naye mstari kwa mstari.