Njia nyembamba ghalani: richi traki au foklifti ya kupinda?

Anayetaka kuongeza paleti bila kuongeza jengo hana budi kubana njia kati ya rafu, na hesabu yenyewe inashawishi. Rafu mbili zilizopeana mgongo, zenye paleti za milimita 1200 kwa 1000 zilizoingizwa kwa urefu, huchukua kama mita 2.5. Foklifti ya kawaida yenye uzito nyuma hudai njia ya mita 3.8 hivi, richi traki (mlingoti wake, yaani nguzo inayopandisha uma wa kubebea mzigo, husogea mbele na nyuma) 2.9, foklifti ya kupinda (sehemu yake ya mbele huzunguka) 2.1, tareti traki (uma wake hugeuka kando) 1.7. Ghala la upana wa mita 30 lisilo na nguzo katikati litaingiza jozi nne, tano, sita na saba, kwa mfuatano huo.

Ila vipimo vya katalogi huchukulia paleti iliyopangwa sawasawa. Magunia ya mchele hutanuka. Yakitokeza sentimita 5 kila upande, njia ya mita 2.1 imebaki 2.0, na nguzo za rafu zinaanza kugongwa. Pima kutoka mzigo hadi mzigo, usipime kutoka boriti hadi boriti.

Richi traki husukuma mlingoti mbele kuchukua mzigo, kisha huurudisha katikati ya miguu yake miwili. Hapo ndipo inapopata uwezo wa kugeuka pembamba, na mita 10 kwenda juu si tatizo kwake. Udhaifu uko chini: magurudumu yake ni madogo na magumu, ya poliyurethani. Kiungio cha zege kilichomeguka huyang'oa vipande, na uwanjani hayafai kabisa. Basi lori linashushwa na foklifti nyingine, mzigo unawekwa mlangoni, richi inauokota upya. Hizo ni mashine mbili, madereva wawili, na eneo la kushushia linalokula nafasi iliyookolewa.

Foklifti ya kupinda huondoa hatua hiyo. Sehemu ya mbele, mlingoti na magurudumu yake, huzunguka kwenye kiungo kushoto na kulia, huku mwili wa mashine ukibaki umenyooka njiani. Matairi yake huvumilia uwanja, hivyo iliyoshusha lori ndiyo inayopandisha rafuni. Gharama yake ni dereva. Aliyezoea foklifti ya kawaida anatarajia nyuma ndiyo iyumbe; hapa mbele ndiyo inayozunguka, na mzigo ulioinuliwa ukiwa pembeni hupunguza uthabiti. Kumpa ufunguo bila mafunzo ya mashine hiyo hiyo ni kumhatarisha yeye na wenzake.

Tareti traki ndiyo inayobana kuliko zote, kwa sababu uma hugeuka na mashine haigeuki. Lakini hudai waya wa kuiongoza uliozikwa sakafuni au reli pembeni, nafasi pana mwishoni mwa njia ya kuhamia njia nyingine, na sakafu iliyonyooka mno. Tofauti ya milimita 3 kati ya magurudumu ya kushoto na kulia yaliyoachana mita 1.5 huinamisha mlingoti wa mita 10 kwa milimita 20 kule juu, kabla hata haujatikisika. Katika godauni la zamani, kusawazisha zege kunaweza kuvuruga bajeti nzima. Tungeishauri kwa jengo jipya tu, ambalo sakafu yake inamwagwa kwa ajili hiyo.

Kwa ghala la kati linaloshusha malori machache kwa siku, tunaegemea foklifti ya kupinda. Penye mizigo mingi inayozunguka ndani kutwa, na foklifti ya kushushia ipo tayari, richi inashinda kwa wepesi.

Vyovyote iwavyo, soma kibao cha uwezo kwenye mashine. Tani 2 zilizoandikwa kwa mzigo ambao kitovu cha uzito wake kiko milimita 500 kutoka mgongo wa uma si tani 2 kwa paleti ya urefu wa 1200, ambayo kitovu chake kiko 600, na uwezo huzidi kushuka kadiri uma unavyopanda. Mwambie muuzaji akupe kwa maandishi uwezo uliobaki kwenye boriti yako ya juu kabisa. Kisha, kabla boliti za rafu hazijafungwa sakafuni, ingiza paleti halisi yenye magunia kwenye njia ya majaribio, uitoe, na urudie upande wa pili.