Hakuna Aliyekufa Ngamiani

Kwanza kabisa, baba mwenye nyumba wetu hapa Ngamiani, Tanga, yu mzima. Yuko barazani muda huu naandika, anakunywa kahawa na kashata, na kila apitaye anampa shikamoo mbili, ya pili ya kuhakikisha. Nyinyi mliopata ile sauti ya shoga yangu kwenye WhatsApp, anayosema "jamani msiba umetuingilia", ifuteni. Na mliopata ile ya pili, anayocheka mpaka anakohoa, hiyo nayo ifuteni, nusu yake chumvi. Sikutoka uchi. Nilikuwa na kanga. Ilikuwa moja, sikatai, lakini ilikuwepo.

Kasuku wangu wengi mnamjua. Wageni nitawafupishia: aliachwa kwenye nyumba moja kule Raskazone, wenyewe walishahama, akabaki na mlinzi aliyekuwa anamlisha alizeti na mandazi. Tundu lenye kutu, ndani ya stoo, giza. Alipofika kwangu kifua kilikuwa kitupu, ngozi inaonekana, lakini kichwani manyoya yote yapo. Daktari wa mifugo akanieleza palepale: huyu anajinyonyoa mwenyewe, kichwa kimesalimika kwa sababu mdomo wake haufiki huko. Daktari mwenyewe kazi yake ni ng'ombe wa maziwa, si mnaijua Tanga yetu. Alimshika kwa taulo huku anamwomba radhi. Tukampima kwenye mizani ya duka, ile ya sukari: gramu 340, wakati kasuku wa kijivu mzima anatakiwa awe 400 na kitu, wengine wanafika 500. Alizeti ni mafuta tu, akasema, vitamini A humo haba, kalsiamu haba, na upweke juu yake.

Kabla hamjanitolea macho: watu wa wanyamapori wanajua habari zake. Kasuku wa kijivu si kuku wa kununua sokoni. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini imefungwa, na hapa kwetu ipo sheria ya wanyamapori ya 2009. Nilijieleza, nikaambiwa nimtunze wakati suala lake linashughulikiwa. Kwa hiyo msiniulize bei.

Basi nikawa muuguzi. Boga, karoti, mchicha, papai, majani ya maboga. Parachichi marufuku, ni sumu kwake. Chokoleti marufuku, kahawa marufuku, vya chumvi marufuku. Kumwogesha, namnyunyizia maji kwa ile chupa ninayopigia pasi. Na usingizi! Kasuku anataka saa 10 mpaka 12 za kulala gizani kimya, na cherehani yangu mnaijua kelele zake. Wale ambao magauni yenu yamechelewa, sababu ndiyo hiyo, ni ndege, nimeona niseme ukweli leo yaishe.

Halafu nikagundua anapenda pilipili mbuzi. Anaishika kwa mguu, anaichana, anakula nyama, anakula mbegu, hata jicho halilengi. Ndege hawawashwi jamani. Miili yao haisikii kile kinachotuunguza sisi, ndiyo maana ndege ndio wanaozila pilipili za porini na kuzisambaza mbegu zake. Nikawa nampa moja kila alasiri, kwa raha zake.

Sasa jina. Hapa ndipo pabaya.

Nilimwita Mstaafu. Kwa nini Mstaafu? Kwa sababu alikuwa wa kijivu, kifua wazi, anakaa dirishani mchana kutwa anatazama barabara na kuguna. Na katika nyumba yetu yenye vyumba sita, yuko mtu mwingine mwenye mvi, anayekaa barazani kifua wazi mchana kutwa, anatazama barabara na kuguna, na huyo alistaafu Reli. Siku ile ya kwanza nilimtazama ndege, nikachungulia barazani, nikamtazama ndege tena, jina likaja lenyewe. Nalitaja chumbani tu, kwa sauti ya chini. Anayelijua ni shoga yangu peke yake. Mbele ya wenye nyumba ndege huyo ni "kasuku", adabu zangu zote.

Ijumaa, watu wametoka msikitini. Niko chumbani, mlango wazi, pazia nimelifunga fundo kwa joto. Mteja wangu, mama wa bi harusi, amekaa kitandani anasubiri ajaribu gauni. Mstaafu yuko begani kwangu, mguu mmoja umenishika nyama, wa pili umeshika pilipili niliyomvunjia kikonyo muda uleule. Mimi natunga uzi. Hebu anyooshe mkono fundi anayeweza kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani bila kufumba jicho moja na kuachama.

Nikamsikia ameacha kutafuna. Akaanza kuinua kichwa na kushusha. Kuinua na kushusha. Chumba cha pili redio ilikuwa inapiga taarabu, nikajua anacheza. Yule yule aliyekuja amejibana pembeni mwa tundu hataki hata kutazamwa, leo anachezea taarabu begani kwangu! Machozi yakanilenga, ya furaha, ndiyo ya mwanzo kwa siku ile. Nikamgeuzia uso taratibu, kinywa wazi vilevile, nikamwambia, "Unacheza, babu?"

Hakuwa anacheza.

Kasuku akikupenda, akakuhesabu wewe ndiye mwenziwe wa maisha, anakitoa chakula kwenye mfuko wa kooni na kukulisha, kama dume anavyomlisha jike lake. Kutikisa kichwa kule ndiko kukipandisha. Hili nimelijua baadaye.

Kikaingia. Kilikuwa cha vuguvugu, laini, na kwanza kilikuwa kitamu, uongo dhambi. Boga. Halafu karoti. Ulimi wangu unakikagua, haujaamua. Mama wa bi harusi akasema, "Mashallah, anakubusu." Ndipo nyuma ya karoti, kwa mbali, kitu kikapiga hodi.

Mwenye akili angetema na kukimbia. Lakini Mstaafu alikuwa hajamaliza mahaba. Alihamia kwenye kope. Akaanza kunipanga kope za jicho la kushoto, moja baada ya moja, kwa mdomo uleule wenye maji ya pilipili. Na mdomo ule kule porini unapasua kokwa za mchikichi, na daktari alishanionya: ukimshtua anang'ata. Nikatulia. Midomo inawaka, ulimi unawaka, jicho nalo limeanza, na mimi nimekaa wima kwenye kigoda nahudumiwa. Nikanong'ona bila kufungua meno, "Mstaafu. Shuka. Shuka baba." Akaona napenda. Akahamia jicho la pili, na la pili alilifanya kwa utulivu zaidi. Mama wa bi harusi akatoa simu apige picha. Nikamsikia anasema, "Tazama huku kidogo."

Nikamteremsha juu ya cherehani kwa mkono wa kulia. Nikafikicha macho kwa mkono wa kushoto. Ule uliovunja kikonyo.

Ukelele ulionitoka, shoga yangu anadai ulifika Uhuru Park. Uongo, kule mbali. Lakini ulikuwa ule ukelele. Sisi wa pwani tunaujua, hautolewi kwa kidole kilichochomwa sindano. Nikashika ukuta wa korido kuelekea uani kwenye bomba, sioni mbele sioni nyuma, nikapiga teke beseni la mtu lenye tambi zilizochujwa. Mama mwenye nyumba akanidaka kifuani.

"Nani, mwanangu? Nani?"

Nikasema, "Mstaafu!"

"Kafanyaje?"

Hapa muelewe kwamba midomo ilikuwa imevimba. Nilichosema mimi ni "nakufa". Walichosikia wao ni "kafa".

Na mzee wa watu asubuhi ile alikuwa amekwenda hospitali ya Bombo kupima presha, na alikuwa hajarudi.

Bi mkubwa akauchukua ukelele kutoka pale nilipouachia. Redio ikazimwa. Nasikia mikeka inaburutwa, nasikia mabenchi yanatolewa nje, nasikia mtu anaagiza sukari kilo tano. Tanga kwa mambo ya kheri na shari hatuna mchezo, dakika chache tu uani kumejaa. Mimi niko kwenye bomba najimwagia maji, na kile kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji, yanakieneza tu, kwa hiyo kila nikinawa nazidi kulia, na kila nikizidi kulia kina mama wananikumbatia. "Jikaze mwanangu." "Alikupenda kama bintiye." Nataka kusema maziwa, maziwa jamani, mji mzima huu wa maziwa hakuna hata kikombe? Inatoka "maaa". Wakasema, "Mwacheni aite mama yake, uchungu huo." Shoga yangu ndipo akatokea, akatazama hali, hakuuliza swali hata moja, akabonyeza kitufe cha sauti.

Mzee akarudi. Kwa baiskeli yake, mkate umening'inia kwenye usukani. Haya nasimuliwa, kwa sababu mimi nilikuwa bado kipofu. Akaona mikeka mbele ya nyumba yake, akashuka, akaegesha baiskeli, akaweka kofia yake sawa, akaketi mwisho wa benchi kimya kama mtu mwenye adabu zake. Akamnong'oneza kijana wa jirani, mgeni mtaa huu, "Nani ametangulia?" Kijana akamjibu, "Mzee mwenye nyumba hii." Mzee akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akakaa. Akatikisa kichwa. Akakaa tena kidogo.

"Mwenye nyumba ipi?"

Wakati uleule mama wa bi harusi, ambaye muda wote huo alikuwa anamfukuza ndege chumbani kwangu na amepata mikwaruzo, akatoka na tundu mkononi, jasho linamtoka, anapaza sauti barazani: "Mstaafu huyu hapa! Mstaafu nimemkamata!"

Watu wote wakamtazama ndege. Halafu wakamtazama mzee. Wakamtazama ndege tena, kifuani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata jicho moja, na kitu cha kwanza nilichokiona kwa jicho lile ni mzee wa watu anakifunga kishikizo cha shati lake, cha juu kabisa, taratibu.

Yaliyofuata hayana utamu. Nimeomba radhi kwa mzee na kwa bi mkubwa, nimelipa tambi, kodi haijapandishwa mpaka sasa. Maziwa yalipatikana, macho yamepona. Shangazi yangu alipanda gari kutoka Muheza na gunia la machungwa na kanga nyeusi, hajaondoka bado, kitanda kachukua yeye, mimi mkekani. Sukari imerudishwa dukani. Mstaafu amefika gramu 412 na manyoya machanga yanachomoza kifuani. Daktari anasema sehemu nyingine huenda zisiote tena, mizizi ilishaharibika. Pilipili sasa anapewa akiwa ndani ya tundu, mlango umefungwa, na mimi niko mbali. Mzee anamletea boga kila jioni na anamwita "mwenzangu", sijui kama ni msamaha au ananisuta, na siulizi.

Lililobaki ni rambirambi. Tumewarudishia wote majina yao yalipoandikwa daftarini, isipokuwa kuna noti ya elfu mbili iliyotumbukizwa bila jina, imekunjwa mara nne. Mwenyewe aje achukue kabla ya Jumapili. Baada ya hapo nanunua karoti.