Kuvuja Oili Si Tabia ya Lori la Jeshi

Kuna msemo unaozunguka kati ya wenye malori ya zamani ya jeshi: ukiona halivuji oili, ujue limekwisha oili. Watu wanausema kwa kicheko, wanasukuma karai chini ya injini, na maisha yanaendelea. Mimi msemo huu siupendi hata kidogo, kwa sababu unamfundisha mwenye gari kuzoea ugonjwa.

Jeshi lenyewe halikufikiri hivyo. Vitabu vya matengenezo vya jeshi la Marekani vinagawa uvujaji katika madaraja matatu. La kwanza ni unyevu au weusi ambao hautoshi kufanya tone. La pili, tone linajikusanya lakini halidondoki. La tatu, tone linadondoka. Dereva aliruhusiwa kuendelea na kazi oili ikiwa daraja la kwanza au la pili, mradi apime dipstiki mara kwa mara. La tatu alitakiwa kuliripoti. Kwa hiyo, kipimo kipo tangu zamani. Karai likipata oili, hilo ni daraja la tatu na lina chanzo chake.

Nichukue mfano wa M35A2, lile lori la tani mbili na nusu lenye matairi kumi. Injini yake inayojulikana zaidi ni LDT-465: silinda sita kwa mstari, lita 7.8, ina turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), na iliundwa kuchoma dizeli, mafuta ya taa, hata petroli ikibidi. Inabeba oili karibu lita 21 pamoja na filta zake mbili. Wingi huo ndio unaowadanganya watu: lita mbili zikipotea hakuna anayeshtuka.

Kosa la kwanza la mafundi wengi ni kuanza kufungua pale palipolowa. Oili inashuka na upepo wa feni unaisukuma nyuma, kwa hiyo sampu yote, yaani bakuli la oili chini ya injini, huonekana inavuja wakati chanzo kiko juu kabisa. Osha injini kwa mafuta ya taa na brashi, suuza, kausha kwa upepo wa kompresa. Pulizia poda ya mtoto sehemu zote unazozishuku. Washa, iache ipate moto vizuri, kisha shika tochi uanze kukagua juu ukishuka. Mstari wa kwanza mweusi kwenye poda, hapo ndipo. Usipouona gari likiwa limesimama, endesha kilomita chache na ukague tena, maana kuna mivujo inayotokea pale tu injini inapobeba mzigo.

Injini hii ina silinda hedi mbili, kwa hiyo ina kava mbili za tapeti, na gasketi zake ni za koki, lile gome laini la mti kama la vizibo vya chupa. Koki haipendi nguvu. Fundi akiona unyevu anakaza bolti, bati la kava linapinda kuzunguka tundu, koki inakatika katikati ya bolti mbili, na uvujaji unazidi. Vua kava, ligeuze, weka ukingo wake juu ya ubao au chuma bapa na ugonge taratibu kuzunguka kila tundu mpaka mdomo urudi kuwa tambarare. Safisha nyuso zote mbili mpaka zikauke, weka gasketi mpya, kaza kidogo kidogo kwa kupokezana. Koki ikianza kubinuka nje, umepita kipimo. Kuimwagia silikoni hakusaidii: inaifanya iteleze, na vipande vinavyobanduka ndani husafiri hadi kwenye chujio la pampu.

Sasa filta. Hizi si za kufunga nzima kama za magari ya leo. Ni makopo mawili ya chuma, kila moja lina bolti ndefu katikati, springi na filta ya kubadilisha ndani. Mdomo wa kopo unakaa kwenye mfereji wenye ringi ya mpira, na ringi hiyo ndiyo chanzo cha vilio vingi. Ya zamani hukauka, ikang'ang'ania ndani ya mfereji na kufanana rangi na chuma. Fundi asipoiona anaweka mpya juu yake. Injini ikiwaka inakaa sawa dakika chache, halafu presha inaisukuma nje na oili inamwagika kwa kasi ya kutisha. Chukua ncha butu ya mbao au shaba, zungusha mfereji mzima mpaka uwe na uhakika hauna kitu, futa, paka ringi mpya oili, uikalishe kwa vidole. Kopo likikaa limepinda, usilinyooshe kwa kukaza. Lishushe uanze upya. Kichwa cha bolti ndefu nacho kina mpira wake mdogo, na watu wengi huusahau.

Oili inayotoka chini ya nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito kati ya injini na klachi, inahitaji akili kabla ya spana. Chini pale kuna tundu lenye nati yake, ambayo hufungwa lori likitaka kuvuka maji mengi na huondolewa safari ikiisha. Ikiachwa imefungwa mwaka mzima, oili hujaa kimyakimya na klachi huanza kuteleza. Ukiifungua, nusa. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi na nyepesi. Ya giaboksi ni nzito na ina harufu ya kiberiti. Nyeusi ikitoka, kabla hujahukumu sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya kranki, ile shafti kuu ya injini, angalia bomba la kupumulia la injini. Likiziba, presha ya ndani hutafuta pa kutokea, na sili nzima huvuja kama mbovu. Kuzibua bomba ni kazi ya nusu saa, wakati kushusha giaboksi kwa ajili ya sili ni kazi ya siku nzima au zaidi. Na ukishaishusha, pitisha ukucha pale sili inapogusa shafti. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya peke yake haitadumu. Kuna pete nyembamba za chuma za kuvalisha sehemu kama hiyo. Zitumie kama saizi yake inapatikana.

Kwenye presha ya oili ndipo woga hufanya watu watumie pesa vibaya. Injini hii ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, tarajia presha isipungue psi 15 (psi ni kipimo cha presha). Barabarani, kati ya 40 na 60. Geji ikisoma chini ya hapo, usifungue sampu kwanza. Geji ya M35A2 ni ya umeme wa volti 24, inapata habari kutoka kwenye senda, kifaa cha kupima presha kilichofungwa kwenye injini, na senda hiyo inapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia nyuzi zake za kufungia. Kutu au tepe nyingi ya kuzibia inaweza kuharibu ethi hiyo. Toa senda, funga geji ya kawaida isiyo ya umeme, yenye bomba la mpira na mshale, kwenye tundu lilelile, washa. Dakika kumi zinatosha kujua kama tatizo ni injini au ni waya.

Presha ikiwa kweli ni ndogo, chomoa dipstiki kabla ya lolote. Kina kimepanda? Basi usiwashe tena. Oili haizaliani; ni dizeli imeingia, na kwenye injini hii njia yake ya kawaida ni sili za pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye silinda. Pampu ndogo iliyo ndani ya tangi inaendelea kusukuma mafuta, na yakipata mwanya yanashuka hadi kwenye sampu. Tone moja kwenye karatasi ya kufutia litaonyesha duara pana jepesi kuzunguka doa jeusi. Oili ya namna hiyo haibebi metali za kranki, yaani beringi bapa ambamo kranki huzunguka. Kumwaga na kuweka mpya bila kutengeneza pampu ni kununua wiki moja.

Kina kikiwa sawa na oili ni safi, angalia vali ya kupunguzia presha. Takataka ndogo ikikwama chini yake, inabaki wazi na presha inarudi kwenye sampu. Isafishe, ikague kama ina mikwaruzo, irudishe na springi sahihi. Wanaoweka washa (pete bapa ya chuma) nyuma ya springi ili mshale upande wanadanganya geji tu. Vivyo hivyo na wanaomimina oili nzito ya 50 ili injini iliyochoka ionekane nzima: asubuhi ya baridi oili hiyo inachelewa kufika kwenye turbo, na turbo haina subira. Mshale ukitetemeka, hasa kwenye kona au mlima, bomba la kuvuta oili huenda linavuta hewa. Yote hayo yakishapita ndipo ushushe sampu upime metali kwa mikrometa, ukilinganisha na kitabu cha injini hiyo.

Baada ya kazi yoyote iliyomwaga oili, makopo ya filta yako matupu na bomba la turbo limekauka. Usiwashe moja kwa moja. Vuta kebo ya kuzimia ili dizeli isifike kwenye nozeli, piga stata sekunde kumi na tano, ipumzishe, rudia mpaka geji ipande. Achia kebo, washa, iache taratibu bila kukanyaga mafuta, ukague ringi za makopo kwa tochi. Zima, subiri oili ishuke, pima dipstiki tena. Itakuwa imepungua, kwa sababu filta zimejaa. Ongeza mpaka ifike alama.