Umeme kichwani, na karatasi niliyopewa mlangoni

Maji ya chumvi yalikuwa yananichuruzika kwenye nyusi. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi siku ile ya kwanza ya tiba ya umeme: sponji mbili zilizoloweshwa, moja upande wa kushoto juu ya paji la uso, nyingine juu ya jicho la kulia, mkanda wa mpira umezibana, na mimi nimekaa kimya nikingoja jambo kubwa litokee. Mhudumu akabonyeza kitufe. Nikasikia mwasho, kama sisimizi watatu wanne wanapita chini ya ngozi, halafu ukafifia. Baada ya dakika 20 mashine ikalia, sponji zikatolewa, nikaambiwa tuonane kesho.

Miezi mitano kabla ya hapo nilikuwa nimeinuka kwa kasi chini ya mlango wa kabati ulioachwa wazi. Sikuzimia. Niliona nyota, nikajicheka, nikaendelea na kazi. Kesho yake nikashindwa kusoma aya moja mpaka mwisho. Picha ya kichwa ilitoka safi kabisa, na taabu ilianzia hapo, maana ukishakuwa na picha safi nani atakusikiliza ukisema mwanga wa dirishani unakuchoma?

Mtikisiko wa ubongo, kama huo wangu, mara nyingi hauonekani kwenye picha kwa sababu hakuna kilichopasuka wala kuvuja damu. Kinachovurugika ni hali ya ndani ya seli. Potasiamu inamwagika nje, kalisiamu inaingia, na seli zinahitaji nishati nyingi kurudisha kila kitu mahali pake, wakati uleule ambao damu inayozifikia imepungua. Mwaka 2001 Christopher Giza na David Hovda waliueleza mfuatano huo vizuri, na tangu hapo ndiyo maelezo ambayo wengi wanayatumia. Kwa watu wengi vurugu hiyo hutulia baada ya wiki chache. Mimi nikawa katika wale wachache. Wahenga walisema mfa maji hukamata maji. Mimi nilikamata waya.

Sitaki nieleweke vibaya: siandiki haya ili kuicheka tiba ya umeme. Wazo lenyewe ni la kale kuliko waya. Katika karne ya kwanza Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi, aliandika kwamba mwenye maumivu sugu ya kichwa awekewe juu ya kichwa taa aliye hai, yule samaki bapa wa aina inayopiga shoti. (Nimejaribu kumfikiria mgonjwa wa kwanza aliyeambiwa habari hiyo.) Tiba niliyopewa mimi ilipata sura yake ya kisasa mwaka 2000, pale Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walipoonyesha kuwa mkondo dhaifu wa umeme ukipitishwa juu ya eneo la ubongo linaloongoza misuli, wepesi wa eneo hilo kuitikia unaweza kubadilika kwa hadi asilimia 40, na mabadiliko hayo yakabaki dakika kadhaa baada ya mashine kuzimwa.

Mkondo huo ni miliampia 1 au 2 tu, yaani elfu moja au mbili za ampia. Haulazimishi seli za neva zifyatue ishara. Unazisogeza kidogo karibu na kizingiti cha kufyatua, au mbali nacho, kutegemea elektrodi (ncha za waya zilizo kwenye sponji) ipi imekaa wapi. Seli inayokaribia kufanya kitu inakuwa nyepesi zaidi kukifanya. Hilo neno "inayokaribia kufanya kitu" naomba ulishike, nitalirudia.

Kuna matokeo ambayo yalinifanya niweke simu chini nifikiri. Huko Liège, Ubelgiji, mwaka 2014, Aurore Thibaut na wenzake waliwapa mkondo huu wagonjwa waliokuwa na fahamu kidogo sana baada ya kuumia vibaya ubongo. Kati ya 30 waliokuwa katika hali hiyo, 13 walionyesha dalili ya fahamu ambayo hawakuionyesha kabla, wala hawakuionyesha walipowekewa mkondo wa kuigiza, ule wa bandia wa kulinganishia: kufuata kitu kwa macho, kuitikia agizo. Ni baada ya kikao kimoja tu, na nafuu ilikuwa ya muda mfupi. Lakini kwa ndugu aliyekaa miezi kando ya kitanda akiita jina, dalili moja si jambo dogo.

Kuna na ya kukatisha tamaa. Mwaka 2018 kundi la mwanasayansi wa ubongo György Buzsáki lilichapisha vipimo walivyochukua ndani ya vichwa vya maiti, na ikaonekana kuwa takriban asilimia 75 ya mkondo unaowekwa juu ya kichwa unaishia kwenye ngozi na fuvu. Niliyasoma hayo nikiwa kwenye kikao cha sita, sponji ziko kichwani. Nikawaza: kumbe umeme wangu mwingi unatibu ngozi.

Kisa kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni cha kifaa kinachowekwa mdomoni, PoNS. Kinatuma mapigo madogo kwenye ulimi, na sababu ya kuchagua ulimi ni ya busara: una neva nyingi, una unyevu unaopitisha umeme, na neva zake zinaelekea moja kwa moja kwenye shina la ubongo, jirani na sehemu zinazosimamia mizani ya mwili. Kilipojaribiwa kwa watu ambao bado walikuwa wakiyumba muda mrefu baada ya kuumia ubongo, kundi moja lilipewa mapigo ya kasi, kundi la pili mapigo ya nadra sana ambayo hayakutarajiwa kusaidia. Makundi yote mawili yalifanya mazoezi yaleyale kila siku kwa wiki tano: kusimama, kutembea, kutuliza macho.

Wote walipata nafuu. Wale wa mapigo ya nadra nao walipata nafuu.

Ndiyo maana mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikataa kukiidhinisha kwa ajili ya majeraha ya ubongo, ingawa Kanada ilikuwa imeshakiruhusu mwaka uliotangulia. Haikuwezekana kutenganisha kazi ya ulimi na kazi ya miguu. Baadaye, mwaka 2021, Marekani ilikikubali kwa watu wenye skilerosisi nyingi, maradhi yanayoharibu ubongo na uti wa mgongo, wanaopata shida ya kutembea, kwa sharti kwamba kitumike pamoja na mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu. Sharti hilo ndilo linalopotea matangazo yanapoandikwa.

Sasa nirudi kwenye zahanati yangu, ambayo sitaitaja. Vikao vyangu kumi vilikuwa vya kukaa. Hakuna aliyeniambia nisome, nihesabu, nisimame kwa mguu mmoja wala nifanye chochote mashine ikiwa inafanya kazi. Nilikuwa naangalia ukuta. Ikiwa mkondo unazisaidia seli zinazokaribia kufanya kitu, basi zangu zilisaidiwa kuangalia ukuta.

Siku ya pili, nikitoka, mhudumu wa mapokezi alinipa karatasi moja iliyokunjwa. "Hii ni ya nyumbani, ukipenda," akasema. Ilikuwa na zoezi: andika herufi B kwenye kadi, ibandike ukutani usawa wa macho, simama umbali wa mkono, tikisa kichwa kushoto na kulia huku macho yameng'ang'ania herufi. Ikianza kukuyeyukia, punguza kasi. Mara ya kwanza nilidumu sekunde tisa, kisha nikakaa chini nikiwa na kichefuchefu kama cha safari ya mashua. Chini yake waliandika pia nitembee kwa kasi kila siku, nisimame kabla dalili hazijazidi. Yaani mambo mawili yenye ushahidi imara kuliko yote niliyofanyiwa, kutuliza macho na mwendo wa kiasi, yalikuwa kwenye karatasi ya hiari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaoukasirikia. Umeme peke yake, ukiuziwa mtu aliyelala tu, nauona ni biashara iliyotangulia ushahidi wake. Umeme unaoandamana na mazoezi magumu, chini ya mtu anayejua anachofanya, una haki ya kuendelea kujaribiwa, hasa kwa walioumia vibaya ambao hawana mengi ya kushika.

Na tafadhali, usijifungie waya mwenyewe nyumbani. Mwaka 2016 wanasayansi kadhaa wa ubongo walitoa barua ya wazi kwa watu wanaojitengenezea mashine hizi, wakawaambia kwamba mkondo haukai chini ya elektrodi tu, na kwamba kuinua uwezo mmoja kunaweza kushusha mwingine. Kwa aliyeumia kichwa hatari ni zaidi. Kama fuvu lilitobolewa au sehemu yake ikaondolewa, umeme utapita hapo kwa wingi usiokadiriwa. Kama kuna chuma ndani, au umewahi kupata degedege tangu uumie, daktari lazima ajue kabla ya sponji kuguswa. Hata mimi nisiye na hayo yote, sponji moja iliwahi kukauka katikati ya kikao, ikaniachia alama nyekundu iliyokaa siku nne.

Nilipona? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Nasoma, naandika, napita chini ya mlango wa kabati kwa heshima. Ni mkondo, ni kadi, ni matembezi, au ni miezi tu iliyopita, sina namna ya kuvitenganisha ndani ya kichwa kimoja. Siku ya mwisho nilipewa dodoso: "Baada ya tiba ya umeme, unajisikiaje?" Nikatia alama kwenye "nafuu kubwa." Nikatafuta mahali pa kuandika habari za herufi B. Hapakuwapo.