Ukimpeleka mtoto kwa bibi ake unamharibu? Tuongee kidogo

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya kina mama hapa Tanga, mshauri mmoja wa malezi anasema mtoto asitenganishwe na mama yake kabla ya miaka mitatu, ukimpeleka kwa bibi ushamharibu na ukubwani hatajua kupenda wala kupendwa. Basi watu wamegawanyika, wengine roho zinawauma maana mtoto yuko Pangani kwa bibi ake na wao wanahangaika na vibarua mjini, wengine wanajibu kwa jeuri mbona sie tumelelewa na mabibi na tu wazima. Mimi naona kila upande una haki yake na kila upande kuna kitu umekiruka.

Maneno ya yule mshauri hayakutoka hewani. Yanatoka kwa John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, ambae mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokosa malezi ya nyumbani baada ya vita kuu ya pili. Alisema mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama yake, au na mtu anaeshika nafasi ya mama moja kwa moja. Hicho kipande cha mwisho kwenye klipu kimekatwa, sijui kwa bahati mbaya au kwa makusudi, na ndio penye ugomvi wote.

Tena ushahidi uliokuja baadae una nguvu. Romania baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka mwaka 1989 vituo vya yatima vilikutwa vimejaa watoto wanaolishwa na kubadilishwa nepi ila hawana mtu wao. Watafiti pale Bucharest wakachukua watoto 136, nusu wakapelekwa kwenye familia za kulea, nusu wakaendelea na malezi ya vituo, na wale waliopata familia mapema, hasa kabla ya miaka miwili, wakawapita wenzao kiakili na kimahusiano. Kwahiyo anaesema mapenzi ya utotoni ni stori za wazungu tu hajaangalia vizuri. Lakini na nyie timu mama angalieni, zile familia za kulea hazikuwa za mama waliowazaa!

Sasa Mary Ainsworth, mwenzake Bowlby. Utafiti wake wa mwanzo wa kuangalia mama na watoto majumbani aliufanya hapa hapa Afrika Mashariki, kuanzia 1954, vijiji vya karibu na Kampala, akiingia nyumba hadi nyumba kuangalia mama na watoto wao. Baadae akiwa Baltimore huko Marekani ndio akatunga lile jaribio maarufu: mama anatoka chumbani, mtoto anabaki na mgeni, unaangalia analia vipi na mama akirudi anampokeaje. Kwa Baltimore sawa. Ila lilete Ngamiani, hapa Tanga, uone, mtoto anapokezanwa mikono tangu arobaini haijaisha, mgeni akibisha hodi anapakatishwa mtoto kabla hata hajaletewa maji. Huyo mama akitoka wala hastuki, na mtafiti asiejua mambo ataandika mtoto hana habari na mama yake. Wataalamu waliokaa na Wanso, kabila la huko Kameruni, waliyaona hayo hayo, watoto wametulia kwa mgeni na mama zao ndivyo wanavyotaka. Mwaka 2010 wanasaikolojia watatu waliliweka wazi kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Sie hatumo humo.

Timu bibi msishangilie kwanza, mikono mingi nayo ina hatari yake.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili, Darley na Latané, walichapisha jaribio walilofanya New York, mwanafunzi anakaa chumbani peke yake anaongea na wenzake kwa spika, ghafla mmoja anasikika kama kapandwa na kifafa. Aliedhani ni yeye tu anaesikia, asilimia 85 walitoka kusaidia kabla kelele haijaisha. Walioamini kuna wengine wanne wanasikia, asilimia 31. Sio roho mbaya, kila mtu anajua mwenzie atakwenda.

Nenda harusi yoyote uswahilini kwetu uone hilo. Uani mashangazi na mawifi wamejaa, pilau iko jikoni, ukiuliza mtoto yuko wapi unaambiwa si alikuwa na bibi ake, bibi nae anasema nlijua kachukuliwa na mamake mdogo, mtoto huyo keshafika kwenye mafiga mkono uko usawa wa mfuniko.

Kweli wale wanafunzi walikuwa hawajuani wala hawaonani, na mwaka 2019 watafiti walipoangalia kamera za mitaani Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini waliona kwenye ugomvi tisa kati ya kumi kuna mtu aliingilia. Kwahiyo kwenye mtaa wa watu wanaojuana nadharia inapungua makali. Ila mafuta ya moto hayangoji mtu aamue.

Kwangu mimi watu wengi sio tatizo mradi ijulikane saa hizi mtoto ni wa nani. Bibi wa Pangani anaejua mtoto akilia usiku anataka nini, huyo kwa hesabu ya Bowlby mwenyewe ni mama. Ninaemuogopea ni yule anaezungushwa, miezi mitatu kwa bibi, kisha Muheza kwa shangazi, mama akipata chumba analetwa mjini, kodi ikimshinda anarudishwa, hajamzoea mtu vizuri keshahamishwa.

Na kuna mwengine hakutajwa kwenye klipu wala kwenye majibu, mtoto wa miaka tisa aliechukuliwa kijijini "kulelewa" na ndugu, kafika mjini ndie anaechota maji na kuosha vyombo huku watoto wa nyumba wameenda tuisheni. Huyo nae tunasema kalelewa na ukoo?