Patasi Iliyogeuka Bawaba

Patasi ilikuwa inang'aa, hilo hata mzee wetu wa karakana hakubisha. Nilikuwa nimeipeleka kwenye jiwe la umeme, nikaisugua pande zote nne kwa nje mpaka nikaona meno yangu kwenye chuma. Nazungumzia ile ya mashine ya kutobolea matundu ya ulimi, yale ya pembe nne ambamo ncha ya mbao nyingine huingia: bomba la pembe nne, milimita 12, biti inazunguka ndani ikichimba duara, patasi inakata pembe.

Hapa kwetu Keko siku hiyo mezani kulikuwa na ubavu wa mlango wa mninga. Mteja, mama asiye na masihara, alisema anapita saa nane.

Nikashusha mkono wa mashine. Mwanzoni maranda yalitoka kwa adabu kwenye dirisha la patasi. Kufika sentimita nne, ikapiga yowe hadi muuza chai akaja mbio na birika lake. Ukafuata moshi. Nikapandisha mkono, patasi haikutoka, ubavu mzima ukapanda nayo, maana bano nalo sikulikaza. Futi saba za mninga zikaning'inia kama changu kwenye ndoana.

"Umenoa wapi?" mzee akauliza.

"Kwa nje, mzee."

"Basi hiyo si patasi, ni kabari."

Mdomo wa patasi hii huwa mpana kuliko shina kwa unywele tu, ndipo inapopata pa kupumulia. Mimi nilikuwa nimekula mdomo, shina likabaki nene. Hunolewa kwa ndani: kinoleo cha koni chenye kiongozi, yaani kijiti cha mbele kinachoenea tundu lake, tone la mafuta, unazungusha kwa mkono, polepole, mpaka ukipitisha kidole usikie kijiukingo chembamba kuzunguka mdomo mzima. Pembe unamalizia kwa tupa ndogo ya pembe tatu. Nje unailaza bapa kwenye kinoo laini, mara mbili tatu, kuondoa ukingo huo tu. Hata biti, makali yake ya pembeni hutupiwa tupa kwa ndani. Ukiyagusa kwa nje, tundu linakuwa dogo.

Na yowe? Biti ilikuwa inasaga mdomo wa patasi. Panahitajika nafasi ya milimita moja na nusu hivi. Unaweka sarafu kati ya bega la patasi na kishikio, unasukuma biti juu mpaka iguse mdomo, unaikaza. Unatoa sarafu, unapandisha patasi mpaka mwisho, unakaza nayo. Mimi sarafu niliinywea kahawa.

Tukalegeza skrubu ya patasi na taya zinazobana biti, tukainua kichwa cha mashine. Patasi na biti vikabaki vimesimama kwenye mninga, pembeni pameungua. Tukiwa tunatafuta nyundo ya mbao, mama akaingia. Akazunguka mbao yake, akainama, akagusa kile chuma kwa ncha ya kidole.

"Fundi, mbona bawaba mmeiweka upande huu?"