Wiki za Mwanzo katika Shule ya Awali ni za Kuwajua Watoto

Mwaka mpya wa masomo unapoanza, mwalimu wa shule ya awali hukabidhiwa orodha ya majina ya watoto asiowajua, na papo hapo hukabidhiwa ratiba inayomtaka aanze herufi, namba na rangi kana kwamba watoto hao amewalea mwenyewe. Mkuu wa shule hupita kukagua madaftari, wazazi huuliza mtoto ameandika nini leo, na mwalimu hujikuta anakimbizana na mada ilhali hajui bado ni mtoto yupi anayeogopa kwenda chooni peke yake. Nimekaa na watoto wa umri huu kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni kwamba wiki 4 za mwanzo, na darasa likiwa kubwa hata 6, ziachiwe kazi ya kuwajua watoto, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa ni kufundisha.

Simaanishi kwamba watoto wakae bure. Waimbe, wachore, wafinyange udongo, wasikilize hadithi, wajifunze kunawa mikono na kurudisha vitu mahali pake. Ninachokataa ni kumpa mtoto penseli na mistari ya kufuatisha, kisha kukusanya karatasi na kumpangia kundi la wepesi au la wazito kabla mwalimu hajajua mtoto huyo hushika kitu kwa mkono gani.

Orodha ile ile ya majina ina habari ambayo wachache huitazama, nayo ni tarehe za kuzaliwa. Miongoni mwa watoto walioandikishwa mwaka mmoja, aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka anaweza kumzidi mwenzake kwa miezi 11. Kwa mtu mzima tofauti hiyo si kitu. Kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka 4, miezi 11 ni karibu robo ya maisha yake yote, na ndani ya robo hiyo hupatikana mambo makubwa: kufunga vifungo, kusimama kwa mguu mmoja, kusimulia jambo la jana kwa mpangilio, kungoja zamu bila kulia. Mwalimu akiandika pembeni ya kila jina umri wa mtoto kwa miaka na miezi, atashangaa ni mara ngapi yule anayeitwa mzito ni mdogo tu.

Jina nalo lina kazi yake. Mtoto ambaye tangu azaliwe ameitwa kwa jina la nyumbani anaweza kusikia jina lake rasmi likiitwa darasani asigeuke, na mwalimu akaandika kwamba hasikilizi. Swali la «Nyumbani mnamwitaje?», likiulizwa kwa mzazi siku ya kwanza mlangoni, huondoa tatizo hilo kabla halijazaliwa. Mwalimu ajifunze pia kulitamka jina lote jinsi wenyewe wanavyolitamka, hata kama ni refu na geni kwake, kwa sababu watoto wengine watamwita mwenzao kama mwalimu anavyomwita, na jina likishapotoshwa mbele ya darasa huwa vigumu kulirudisha.

Mlangoni asubuhi hujifunzwa mengine zaidi. Mtoto anayelia anapoachwa huambiwa haraka kwamba amedekezwa, na asiyelia husifiwa kwamba ameshazoea. Hukumu hizi mbili zinanisumbua, na utafiti hauziungi mkono. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, na Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyeshirikiana naye, walitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtoto huthubutu kuchunguza mahali pageni akiwa na mtu anayemwamini, na kwamba kulia mtu huyo anapoondoka ni jambo la kawaida katika uhusiano huo. Ainsworth aliona pia watoto wa karibu mwaka mmoja ambao mama zao walipotoka chumbani hawakulia, na waliporudi hawakuwakimbilia. Kwa macho walikuwa watulivu kabisa, lakini watafiti waliokuja kupima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo walikuta yanakwenda mbio. Watoto wa shule ya awali ni wakubwa kuliko hao, ila tahadhari ni ile ile: utulivu wa nje hautoshi kuwa ushahidi wa amani ya ndani.

Nilikuwa na mtoto aliyeingia darasani kila asubuhi bila neno, akampungia mlezi wake mkono, akaenda moja kwa moja kwenye vibao vya kujengea. Hakulia hata mara moja. Lakini begi lake hakulivua mgongoni. Alijenga nalo, alichora nalo, na hadithi ilipoanza alikaa kwenye mkeka akiwa ameinama kidogo kwa sababu begi lilimzuia kuegemea ukuta. Tungemlazimisha kulitundika lingekuwa jambo la nidhamu, na wenzangu wawili walinishauri hivyo. Tulimwacha. Siku alipolitundika mwenyewe, bila kuambiwa, niliandika tarehe kwenye daftari langu, kwa sababu ndiyo siku aliyofika shuleni.

Njia nzuri ya kuona mambo ya namna hii bila kutegemea bahati ilitumiwa zamani na mtafiti wa Marekani, Mary Parten, aliyechapisha mwaka 1932 kazi yake juu ya michezo ya watoto wa shule ya awali huko Minnesota. Alimtazama kila mtoto kwa dakika moja moja, katika siku nyingi tofauti, wakati wa mchezo huru, na kuandika mtoto yuko wapi na anahusiana vipi na wenzake. Alikuta wapo wasiojishughulisha na mchezo wowote, wanaotazama tu wenzao, wanaocheza peke yao, wanaocheza sambamba na wengine kwa vifaa vile vile bila kushirikiana, wanaochangamana na kupeana vitu, na wanaoshirikiana kwa lengo moja wakigawana majukumu. Walivyoendelea kukua, ndivyo michezo ya kushirikiana ilivyoongezeka.

Dakika moja inaonekana kuwa kitu kidogo mno, na ndiyo maana naipenda. Mwalimu mwenye watoto 30 akitenga dakika 10 kila siku wakati wa mchezo huru, atawamaliza wote katika siku 3, na kwa wiki 4 za siku 5 kila mtoto atakuwa ametazamwa angalau mara 6. Hapo ndipo wanapoonekana wale ambao darasa kubwa huwameza: mtoto mtulivu asiyegombana na mtu, asiyeuliza kitu, ambaye muhula unaweza kwisha mwalimu asikumbuke sauti yake. Tukimwacha mtoto mpaka ajitokeze mwenyewe, tutawajua wenye kelele tu. Orodha ikifuatwa jina kwa jina, kila mmoja anapata dakika yake, apende kujionyesha asipende.

Yule anayesimama pembeni akitazama wenzake, ambaye walimu wengi humshika mkono na kumwingiza mchezoni kwa nia njema, anastahili subira zaidi kuliko anavyopewa. Mara nyingi anajifunza sheria za mchezo kabla hajaingia. Ukimtazama dakika yako vizuri utaona midomo yake inafuatisha maneno ya wenzake, au anahama kidogo kidogo kuelekea kwenye kundi kila siku inayofuata. Kumsukuma ni kumkatiza katikati ya somo. Wasiwasi uje pale ambapo wiki nyingi zinapita na hasogei.

Katika kuandika, kuna kanuni moja ninayoishikilia kwa nguvu zote: liandikwe tendo, isiandikwe sifa. Mwalimu akiandika «mkorofi», hakuna atakachoweza kufanya nalo neno hilo kesho yake. Akiandika «Alimnyang'anya mwenzake kibao mara mbili, na mara zote mbili alikuwa kwanza ameomba kwa maneno asijibiwe», tayari anajua la kufundisha, na huenda wa kufundishwa ni watoto wawili, yule aliyenyang'anya na yule asiyejibu. Vivyo hivyo «mvivu» hubadilika kabisa ikisomeka kwamba mtoto huacha kazi kila inapohitaji mkasi, lakini kwenye udongo hukaa mpaka wenzake wote wameondoka.

Sifa hizi za rejareja mara nyingi huletwa na mwalimu aliyetangulia, au na mzazi mwenyewe, tena mbele ya mtoto. «Huyu ni mtundu, mwalimu, usimwonee huruma.» Ningependa kila mwalimu mpya ajue habari ya Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, waliochapisha mwaka 1968 matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule ya msingi moja huko California. Walimu waliambiwa kwamba baadhi ya watoto, kama mmoja kati ya watano, wameonyesha dalili za kukua kiakili kwa kasi mwaka huo, ilhali majina yalikuwa yamechaguliwa kwa kubahatisha. Mwisho wa mwaka, watoto hao walikuwa wameongeza alama za majaribio ya akili kuliko wenzao, hasa katika madarasa mawili ya chini kabisa. Wataalamu wamebishana sana juu ya ukubwa wa matokeo hayo, na mabishano hayo ni halali. Mimi nachukua fundisho la tahadhari: kama neno zuri la uongo linaweza kubadilisha namna mwalimu anavyomtazama mtoto wa madarasa ya chini, neno baya la juu juu lina hatari gani kwa mtoto wa miaka 4 ambaye hawezi hata kulipinga? Kwa hiyo taarifa za afya, mzio na usalama nazisoma siku ile ile ninapopokea watoto. Maoni ya tabia nayaweka kabatini hadi niwe na maandishi yangu ya kulinganisha.

Hata makundi yaliyotokana na utafiti makini hayawatoshi watoto wote. Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza mwaka 1956 kufuatilia watoto wa New York tangu wakiwa wachanga, waliona watoto walio rahisi kuzoea, walio wagumu, na wanaochangamka polepole. Watu hunukuu makundi hayo 3 na kusahau kwamba kiasi cha asilimia 35 ya watoto hao hawakuingia katika kundi lolote. Zaidi ya theluthi moja! Mwalimu anayetaka kumweka kila mtoto katika kundi ifikapo Ijumaa ya kwanza anadai uwezo ambao wenye utafiti wao hawakuudai.

Ukimya ndio unaohitaji uangalifu kuliko yote, kwa kuwa sababu zake zinafanana kwa nje na kutofautiana sana kwa ndani. Mtoto ambaye lugha ya darasani si lugha ya nyumbani kwao anaweza kukaa wiki au miezi akisikiliza bila kusema, na hilo ni jambo la kawaida. Utamwona anafuata maagizo kwa kuwatazama wenzake. Mwingine huongea nyumbani bila kukoma, na shuleni hafungui kinywa hata kwa lugha anayoijua vizuri, hali ambayo ikiendelea zaidi ya mwezi wa kwanza inafaa mtaalamu aione. Mwingine hasikii vizuri. Majimaji yanayojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, jambo la kawaida sana kwa watoto wadogo, hupunguza usikivu, na usikivu huo unaweza kuwa afadhali leo na hafifu wiki ijayo, ndiyo maana huonekana kama jeuri: leo anaitika, kesho haitiki. Mwalimu asitoe jina la ugonjwa, hiyo si kazi yake. Kazi yake ni kumweleza mzazi kwamba mtoto akiitwa kutoka nyuma hageuki, akiitwa uso kwa uso hujibu, na kwamba ni vizuri masikio yakapimwa.

Mazungumzo na wazazi yangebadilika pia. Fomu za kuandikisha hutaka kujua kama mtoto anahesabu na kama anazijua rangi, mambo ambayo mwalimu atayaona mwenyewe. Mzazi aulizwe yale anayoyajua yeye peke yake: mtoto akiogopa hufanya nini, nani humbembeleza akatulia, anaombaje ruhusa ya kwenda chooni, nini kimebadilika nyumbani siku za karibuni. Na mzazi akijibu, mwalimu aandike maneno ya mzazi yalivyo, asiyatafsiri kwa lugha ya ofisi.

Najua kwamba wazazi wengine wataona daftari tupu wiki ya tatu na kudhani wamepoteza ada. Siwalaumu, kwani daftari ndilo kitu pekee walichozoea kuonyeshwa. Mzazi huyo aonyeshwe basi kilichopo: kwamba mtoto wake sasa hucheza na wenzake wawili, ambapo wiki ya kwanza alicheza peke yake, kwamba hupanga vibao kwa ukubwa bila kuelekezwa, kwamba akikasirika hutafuta kona ya vitabu, na kwamba tumekubaliana naye iwe hivyo. Sijaona mzazi akisikia habari za namna hii za mwanawe akaendelea kuuliza kuhusu mistari ya kufuatisha.

Wakuu wa shule nina la kuwaomba. Ukaguzi wa kwanza wa mwaka uhusu daftari la mwalimu, si madaftari ya watoto. Mkuu achague mwenyewe majina 3 kwenye orodha, bila kutoa taarifa mapema, amuulize mwalimu watoto hao hucheza na nani, hutulizwa na nini, hukwama wapi, na amwonyeshe aliyaandika siku gani. Mwalimu akiweza kujibu, aruhusiwe kuendelea kwa mpango wake. Asipoweza, aongezewe muda na msaidizi wa kukaa na darasa hizo dakika 10, kabla ya kuongezewa mada.